Tarishi, Tegu na Profesa wa Saikolojia

Katika kisa hiki, mwanasaikolojia ndiye aliyeuawa. Hendrik Verwoerd, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwaka 1924 kwa utafiti juu ya namna hisia za binadamu zinavyofifia na kufa ganzi. Akaenda Ujerumani kuongeza elimu, na aliporudi akapewa kiti cha uprofesa wa saikolojia akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Jumanne, 6 Septemba 1966, saa nane na robo mchana, kengele za Bunge la Cape Town zikiwaita wabunge vitini, tarishi mmoja mnene aliyevaa sare ya kazi alikatiza ukumbi akamwendea. Walioketi karibu walidhani ana ujumbe wa kumfikishia. Akachomoa kisu, akamchoma mara nne kifuani na shingoni mbele ya Bunge zima. Verwoerd alikuwa amebakiza siku mbili tu atimize miaka 65. Tarishi yule aliitwa Dimitri Tsafendas, mwenye umri wa miaka 48, na tangu alasiri ile watu hawajaacha kuuliza: huyu alilelewa na nani, na alilelewa vipi?

Swali hilo lina haki yake. Mtu mzima hazuki kama uyoga, na anayetaka kuelewa tendo zito kama kuua kiongozi hana budi kurudi nyuma hadi kwenye nyumba alimokulia mtendaji. Lakini kuuliza juu ya utoto wa mtu ili umwelewe si sawa na kuuliza ili usilazimike kumsikiliza. Katika shauri la Tsafendas, nadhani la pili ndilo lililofanyika. Maisha yake ya utotoni yalikusanywa, yakapangwa, yakafanywa kuwa maelezo kamili ya kisu kile, hata sababu alizozitoa mwenyewe zikakosa pa kukaa. Ukiyasoma upya maisha hayohayo, bila kuongeza wala kupunguza, utaona yanaeleza jambo jingine kabisa: namna mtoto alivyofundishwa, mapema kuliko wenzake, kwamba rangi ya mtu ni karatasi inayoandikwa na karani.

Alizaliwa Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo, tarehe 14 Januari 1918. Baba yake, Michalis Tsafandakis, alikuwa fundi mhandisi Mgiriki, asili yake kisiwa cha Krete, mtu aliyependa vitabu na aliyekuwa na fikra za wale wasioamini dola yoyote. Mama yake, Amelia, alikuwa chotara wa Msumbiji, mtumishi wa nyumbani. Hawakuoana. Mtoto alipokuwa mdogo sana alichukuliwa kutoka kwa mama na kupelekwa Iskanderia, Misri, kwa bibi yake mzaa baba. Huko akalelewa Kigiriki katika mji ambao Kiarabu, Kigiriki, Kiitaliano na Kifaransa vilikuwa vikisikika katika mtaa mmoja. Wakati huohuo baba alioa mwanamke wa Kigiriki, Marika, wakaanza kupata watoto wao. Dimitri aliporudishwa Msumbiji, akiwa na miaka kama saba, alikuta nyumba yenye mama na wadogo zake, na hakuambiwa kwamba mama yule si aliyemzaa. Alikuja kuyajua hayo baadaye, akiwa kijana. Alipofika miaka kumi akapelekwa shule Middelburg, Transvaal, ng'ambo ya mpaka, shule ya watoto wa Kizungu. Alisoma huko kati ya 1928 na 1930, na watoto wenzake, ambao hawakuwa wameona cheti chochote wala kusoma sheria yoyote, walimtazama nywele na ngozi wakaanza kumtania kwa weusi. Kisha akarudi tena Msumbiji, na alipofika miaka kumi na sita hivi alikuwa keshaanza kujitafutia riziki.

Hebu tutazame jinsi jamii ile ilivyomhesabu. Kwa baba alikuwa Mgiriki. Kwa mama alikuwa chotara. Kwa serikali ya Ureno alikuwa mtoto wa mgeni aliyezaliwa koloni. Kwa Afrika Kusini alikuwa Mzungu alipokuwa darasani na mtu wa mashaka alipokuwa uwanjani akicheza. Alipoanza kuomba ruhusa ya kuhamia huko, ambako jamaa zake walikuja kukaa, alikataliwa mara nyingi, na jina lake likaingia katika orodha ya watu wasiotakiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo alilolitenda yeye. Mtoto wa kawaida wa Kizungu angeweza kufika utu uzima bila kujiuliza hata siku moja nani aliyeamua kwamba yeye ni mweupe. Tsafendas hakuipata raha hiyo. Aliwaona waamuzi kwa macho yake, wakimwamua mara hivi na mara vile.

Mwaka 1966 madaktari waliitwa kumpima, na karibu wote walielekea upande mmoja. Walitaja upweke wa utotoni, mama aliyepotea, mama wa kambo, kutangatanga nchi hadi nchi kwa zaidi ya miaka ishirini, na juu ya yote wakamtaja tegu. Tsafendas aliwaambia kwamba ndani ya tumbo lake mna mnyoo mkubwa, joka linalomtesa na kumwongoza. Habari hiyo ikawa ndiyo kesi yenyewe. Magazeti yaliishika, na hadi leo ukimtaja Tsafendas kwa mtu wa makamo kutoka Johannesburg, atakujibu: yule wa mnyoo. Kisichotajwa sana ni kwamba tegu huyo aliwahi kuwepo kwelikweli. Katika ujana wake Tsafendas alikuwa na tegu, akapewa dawa, na mnyoo ulipotoka ukatupwa kabla hajahakikisha kama kichwa nacho kimetoka. Anayejua habari za tegu anajua pia kwamba kichwa kikibaki, mnyoo huota upya. Wasiwasi wa namna hiyo unaweza kumganda mtu maisha yake yote bila kumfanya mwuaji. Kwetu pwani watu wazima, wenye akili timamu na biashara zao, husema chango limewapanda, chango linawauma, chango limewanyima usingizi, na hakuna anayewapeleka hospitali za akili za Mirembe wala Mathari kwa sababu hiyo. Hupelekwa kwa mganga wa miti shamba, wakarudi sokoni kesho yake. Sisemi kwamba chango la Mswahili na tegu wa Tsafendas ni kitu kimoja. Nasema kwamba lugha ya tumbo ni lugha ambayo binadamu wengi huitumia kuelezea dhiki, na daktari anayeisikia kwa mara ya kwanza katika chumba cha jela, akiwa na haraka ya mahakama, anaweza kuitafsiri vibaya.

Shauri lilisikilizwa Cape Town mwezi Oktoba, kwa siku chache tu. Jaji Andries Beyers hakumtia hatiani wala hakumwachia huru. Aliamua kwamba mtu huyu hawezi kushtakiwa, kwa kuwa hana akili za kushtakiwa nazo, na akasema kwa ukali kwamba hawezi kumhukumu mtu wa namna hiyo kama vile asivyoweza kumhukumu mbwa au chombo kisicho na uhai. Wakili wake, Wilfrid Cooper, alikuwa ametimiza wajibu wake: alimwokoa mteja na kitanzi. Upande wa mashtaka nao haukung'ang'ania. Hapa hatuhitaji kudhani kwamba palikuwa na kikao cha siri cha watu waliokula njama. Wakili alitaka mteja wake aishi, na serikali haikutaka aongee, nao wakakutana katika mlango mmoja bila kupatana. Kesi kamili ingempa mshtakiwa nafasi ya kusimama kizimbani na kueleza, mbele ya waandishi wa habari wa dunia, kwa nini alimuua mjenzi mkuu wa ubaguzi wa rangi. Ingezaa pia maswali mengine. Mtu aliyekuwa katika orodha ya marufuku aliingiaje nchini? Kwa nini amri ya kumfukuza, iliyokwisha kutiwa saini mwezi Agosti, haikumfikia? Nani alimpa kazi ndani ya Bunge? Waziri wa Sheria na Polisi wakati huo alikuwa John Vorster, na tarehe 13 Septemba 1966, wiki moja baada ya mauaji, Vorster ndiye aliyechukua kiti cha Waziri Mkuu. Mwendawazimu aliyepenya kwa bahati mbaya hamwaibishi waziri wa polisi kama anavyomwaibisha mpinzani aliyepenya akijua afanyalo.

Kuna ushahidi mwingine wa tabia hii ya dola, nao ni wa miaka sita kabla. Tarehe 9 Aprili 1960, wiki tatu hivi baada ya polisi kuwaua watu 69 Sharpeville, mkulima tajiri wa Kizungu, David Pratt, alimkaribia Verwoerd huyohuyo katika maonyesho ya kilimo Milner Park, Johannesburg, akampiga risasi mbili za uso kwa karibu kabisa. Verwoerd alipona. Pratt alieleza kwamba aliulenga ubaguzi wenyewe. Mahakama ikasikia habari za kifafa chake na matatizo yake ya akili, ikaamua hafai kushtakiwa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Bloemfontein, na mwaka uliofuata akakutwa amejinyonga. Basi tunao watu wawili waliomshambulia Verwoerd, mmoja tajiri aliyelelewa katika neema, mwingine maskini aliyelelewa katika kuhamishwa-hamishwa. Utoto wao haukufanana kwa lolote. Jibu la mahakama lilikuwa lilelile. Pale watu wa malezi yaliyo mbali kiasi hicho wanapopewa maelezo yaleyale, nina haki ya kushuku kwamba maelezo hayo yanatokana na mahitaji ya anayeyatoa kuliko na maisha ya anayeelezwa.

Na sababu zake mwenyewe zilikuwepo, zimeandikwa. Katika siku za mwanzo baada ya kukamatwa, Tsafendas aliwaambia polisi kwamba alichukizwa na siasa ya ubaguzi na kwamba aliamini Waziri Mkuu akiondoka, siasa ile ingebadilika. Hayo si maneno ya mtu anayeongozwa na mnyoo. Yanaweza kuwa maneno ya mtu aliyekosea hesabu, na kwa kweli alikosea, maana Vorster hakulegeza chochote; lakini kukosea hesabu ya kisiasa kungekuwa wendawazimu, mabunge mengi ya dunia yangefungwa. Rekodi yake ya nyuma inasema hivyohivyo. Polisi wa Ureno walimfungulia jalada tangu miaka ya 1930 kwa tuhuma za ukomunisti. Afrika Kusini alijiunga na Chama cha Kikomunisti kabla ya vita. Mwaka 1964 alikuwa Msumbiji, akizunguka na Biblia mkononi kama mhubiri. Ni mwaka ambao FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ilianza vita vya ukombozi huko Cabo Delgado, mwezi Septemba. Mwezi Novemba Tsafendas alikamatwa. Wareno walimshuku kwamba chini ya mahubiri aliwapa watu habari za uhuru wa Msumbiji, na akakaa kifungoni hadi mwaka uliofuata. Kesi ya 1966 ingekuwa na sura nyingine kabisa kama jalada hilo la Lisbon lingesomwa mahakamani lote.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Tsafendas hakuanza kuitwa mgonjwa mwaka 1966. Wakati wa vita alifanya kazi katika meli za mizigo, akafika Marekani, na huko alilazwa katika hospitali kadhaa za akili, mojawapo ikiwa Grafton, Massachusetts, kabla ya kurudishwa Ulaya mwaka 1947. Baadaye alitibiwa tena katika nchi nyingine. Kumbukumbu hizo haziwezi kufutwa kwa sababu tu hazitupendezi. Lakini zisomwe katika mazingira yake. Mtu asiye na hati za uraia, anayefukuzwa bandari hadi bandari, anajifunza haraka kwamba milango ya hospitali hufunguka pale milango ya uhamiaji inapofungwa, na mwenyewe aliwahi kukiri kwamba katika baadhi ya nyakati alijifanya. Sidhani alijifanya kila mara. Miaka ishirini ya kulala melini, mahabusu na katika nyumba za wafadhili wa makanisa inatosha kumvunja mtu yeyote, na sioni aibu kukubali kwamba Tsafendas alipata vipindi vya ugonjwa wa kweli. Kosa liko katika hatua inayofuata, pale tunaposema: aliugua, kwa hiyo hakuwa na sababu. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa na msimamo wa kisiasa. Mwenye huzuni ya kudumu anaweza kuichukia dhuluma kwa haki. Sheria ina kipimo chake cha nani anaweza kujitetea mahakamani, na huenda Jaji Beyers alikitumia kipimo hicho kwa uaminifu kulingana na aliyoletewa. Historia haifungwi na kipimo kile.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Mwaka 2018 mtafiti Harris Dousemetzis, akishirikiana na Gerry Loughran, mwandishi ambaye wasomaji wa magazeti ya Nation ya Nairobi wanamkumbuka vizuri, alichapisha wasifu mkubwa wa Tsafendas uitwao The Man Who Killed Apartheid. Dousemetzis alikuwa amepekua hifadhi za nyaraka za nchi mbalimbali na kuwahoji wengi waliomjua mtu huyu, na ripoti yake ikapelekwa kwa Waziri wa Sheria wa Afrika Kusini, ikiungwa mkono na wanasheria wazito, George Bizos akiwa mmoja wao. Kwake, Tsafendas ni mwanamapinduzi mwenye akili timamu aliyeigiza wazimu ili asiteswe. Wanaompinga husema kwamba hapa mtafiti ametoka kutengeneza mwendawazimu akaenda kutengeneza shujaa, na kwamba kichwa cha kitabu chenyewe kinadai makubwa mno, kwani ubaguzi uliendelea kwa karibu miaka thelathini baada ya kisu kile. Juu ya kichwa cha kitabu nakubaliana nao. Wanaongeza kwamba hakuna chama cha ukombozi kilichomtuma wala kumpokea. Nelson Mandela, aliyekuwa Kisiwa cha Robben siku ile, ameandika kwamba kifo cha Verwoerd hakikuwafurahisha wafungwa, na kwamba chama chake hakikuwa na siasa ya kuua viongozi. Ni kweli. Lakini kutenda peke yako hakuondoi siasa katika tendo. Kunaondoa tu watu wa kukutetea baadaye. Mtu wa chama anayeua huja na ilani, na wenzake huihifadhi. Mtu wa peke yake huachwa mikononi mwa daktari.

Tulinganishe kidogo. Gavrilo Princip, aliyemuua mrithi wa kiti cha Austria huko Sarajevo mwaka 1914, alikuwa mtoto wa wakulima mafukara wa Bosnia, dhaifu wa kifua, na mwaka 1912 alikataliwa na wapiganaji wa Kiserbia kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na mnyonge. Mwanasaikolojia angeweza kujenga kitabu kizima juu ya kukataliwa huko. Hata hivyo, Princip akitajwa, mazungumzo huanza na Bosnia na Austria, kwa sababu alikuwa na wenzake, alisimama mahakamani na alisema. Lee Harvey Oswald, anayehesabiwa muuaji wa Rais Kennedy mwaka 1963, baba yake alifariki miezi miwili kabla hajazaliwa. Akawekwa kwa muda katika nyumba ya watoto huko New Orleans. Akiwa na miaka kumi na mitatu alipimwa na daktari wa akili New York kwa utoro wa shule. Yeye aliuawa siku mbili baada ya Kennedy, hakusema chochote mahakamani, na tume iliyochunguza ikabaki ikisoma utoto wake ukurasa kwa ukurasa. Naona mtindo hapo: kadiri muuaji anavyonyamazishwa, ndivyo utoto wake unavyorefuka.

Hapa msomaji makini ananishika shati. Wewe nawe, atasema, umesimulia Iskanderia na Middelburg, umedai kwamba ndiko alikofundishwa kuuchukia ubaguzi. Tofauti yako na wale madaktari ni nini? Hoja hiyo siikwepi. Machotara waliozaliwa nje ya ndoa katika pwani ile ya Msumbiji walikuwa wengi, waliotengwa na mama zao wengi, waliotaniwa shuleni wengi kupita hesabu, na hakuna mwingine aliyepatikana Bungeni na kisu. Kwa hiyo utoto wake hauwezi kuwa chanzo cha kutosha cha tendo lile, wala katika masimulizi yao wala katika yangu. Tofauti ni kwamba wao waliutumia utoto kama kasoro inayobatilisha aliyoyasema, nami nauona kama mahali alikopata ujuzi. Aliyepoteza mama kwa sababu ya rangi ya mama huyo anajua kitu fulani kuhusu sheria ya rangi ambacho jaji, mwendesha mashtaka na wabunge wote waliokuwa ukumbini siku ile hawakukijua. Ujuzi huo haukumlazimisha kuua. Kuua aliamua yeye, akiwa mtu mzima, na asubuhi ya siku ile alikwenda dukani kununua kisu kama mtu anayejua anakitakia nini.

Na twende Cape Town yenyewe, miezi michache kabla. Tsafendas, ambaye katika karatasi za serikali alikuwa Mzungu, aliomba rasmi abadilishiwe kabila na kuandikwa chotara. Alikuwa akikaa na kusali na familia za machotara, na alitaka kumwoa mwanamke wa kwao. Sheria ya mwaka 1949 ilikataza ndoa hiyo, na sheria ya mwaka 1950 ya uandikishaji wa watu ndiyo iliyomgawa kila mmoja katika fungu lake. Mwezi Februari mwaka uleule wa 1966 serikali ya Verwoerd ilitangaza District Six, mtaa wa machotara ulio mlangoni mwa Bunge, kuwa eneo la Wazungu. Halafu mwezi Agosti mtu huyu akaajiriwa utarishi wa Bunge, kazi iliyotengewa Wazungu. Angekuwa ameandikwa chotara, asingepata sare iliyompitisha hadi kiti cha Waziri Mkuu. Sijui mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kutunga jambo hilo.

Hakuna tume iliyowahi kuundwa kuchunguza malezi ya profesa. Lakini yapo, na yanasomeka. Verwoerd alizaliwa Amsterdam mwaka 1901, akaletwa Afrika Kusini akiwa na miaka miwili. Baadaye baba yake, mtu wa dini, akaihamishia familia Bulawayo, ambako kijana alisoma shule ya Waingereza, kisha wakahamia Brandfort, katika jimbo la Orange Free State. Naye alikuwa mtoto wa kuhamishwa, mgeni kati ya Waingereza na mgeni kati ya Makaburu, Mholanzi aliyelazimika kuwa Kaburu kuliko Makaburu wenyewe. Anayetaka kuona jeraha hapo ataliona. Kwa Verwoerd, hata hivyo, tumekubaliana wote kwamba alikuwa na mawazo, na mawazo yake tunayajadili kama mawazo: tunasoma hotuba zake, tunachambua sheria zake za elimu ya Wabantu, tunamlaumu kwa aliyoyachagua. Aliyewahamisha mamilioni ya watu kwa kalamu hakuulizwa habari za mama yake. Kama tunampa haki hiyo yeye, basi na tarishi apewe, ashtakiwe kwa mawazo yake na kulaumiwa kwa tendo lake, kwa maana kumuua mtu asiye na silaha kitini mwake ni tendo linalostahili kulaumiwa na mtu mwenye akili zake.

Dola yenyewe haikuiamini hukumu yake. Mgonjwa hupelekwa hospitali. Tsafendas alipelekwa Kisiwa cha Robben kwa muda mfupi, kisha Gereza Kuu la Pretoria, akawekwa chumba kilichopakana na mahali pa kunyongea watu. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliwasikia waliohukumiwa kifo wakiimba usiku wa mwisho na kunyongwa asubuhi. Askari jela walimpiga na kuchafua chakula chake. Mwaka 1989 alihamishiwa gereza la Zonderwater, na ni mwaka 1994 tu, serikali ya Makaburu ilipokwisha, alipofikishwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Sterkfontein, Krugersdorp, akiwa na miaka 76. Alifariki huko tarehe 7 Oktoba 1999, akazikwa kwa ibada ya Kiorthodoksi mbele ya watu wachache mno, katika kaburi lisilo na jina. Hadi siku hiyo alikuwa hajapatikana na hatia ya kosa lolote kwa kifo cha Verwoerd.